Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam: mwongozo wa kuyatembelea na kuyasoma

Ukimwambia konda wa daladala ya Mwenge "Nishushe makaburini", atakujibu kwamba gari yake haipiti Kinondoni, kwenye makaburi wanakozikwa watu wa mji. Mara ya kwanza ilinitokea hivyo hivyo, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanipa pole ya msiba. Sikuwa na msiba. Nilikuwa nakwenda Makaburi ya Vita, yale yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo, kilomita kama 5 kutoka katikati ya jiji. Watu wanayapita kila siku wakiwahi kazini na wengi wanajua tu kwamba pale "wamelala Wazungu". Wazungu wapo kweli. Ila hawako peke yao.

Nimeshapeleka watu pale mara kadhaa: wanafunzi, ndugu kutoka mkoani, na mzee mmoja jirani yangu wa Magomeni aliyekuwa akimtafuta kaka wa babu yake. Nimegundua kwamba mtu asiyeelekezwa huingia, hupiga picha tatu, akatoka baada ya dakika kumi. Mwongozo huu ni wa anayetaka kukaa saa mbili, kisha amalizie mjini, maana nusu ya habari ya makaburi haya haiko makaburini. Iko Mtaa wa Samora na Kariakoo.

Jua kwanza unakwenda kuona nini

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani. Tarehe 8 Agosti 1914, Uingereza ikiwa haijamaliza hata wiki vitani, meli ya kivita ya Waingereza iitwayo Astraea ilipiga mizinga mtambo wa simu ya upepo uliokuwa mjini hapa. Mji wenyewe ulisalimu amri tarehe 4 Septemba 1916, na askari wa kwanza kuingia waliongozwa na kikosi cha Wahindi, 129th Baluchis. Baada ya hapo Dar ikawa ghala na hospitali: vyakula na risasi vinashuka bandarini, wagonjwa na majeruhi wanapanda. Wengi hawakuwahi kupanda.

Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliendelea kuwazungusha Waingereza porini hadi tarehe 25 Novemba 1918. Siku hiyo alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, vita ikiwa imekwisha Ulaya wiki mbili nzima. Alikuwa amebakiwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Makaburi haya yanaonekana ya zamani sana, lakini mahali penyewe pametengenezwa mwaka 1968. Kabla ya hapo maiti hawa walikuwa Ocean Road, karibu na bahari. Barabara mpya ikatakiwa kupita, makaburi 660 yakahamishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaletwa mengine kama 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania ambako hapakuwa na uhakika wa kuyatunza. Kwa hiyo ukimwona mtu amezikwa hapa usidhani alifia Dar. Huenda alifia mkoani, akazikwa huko, akalala zaidi ya miaka hamsini, ndipo akasafirishwa.

Hesabu yake ni hii: watu 1,764 wa upande wa Uingereza na makoloni yake waliokufa Vita ya Kwanza, 60 kati yao hawajulikani majina, 41 wa Vita ya Pili, na 112 wa mataifa mengine, wengi wao Wajerumani. Wanaotunza ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, chombo kilichoanzishwa mwaka 1917 vita ikiwa bado inapiganwa.

Hatua ya kwanza: tafuta jina ukiwa nyumbani

Hatua hii watu huiruka, halafu wanalalamika kwamba "makaburi yote yanafanana". Yamefanywa yafanane makusudi. Tume iliamua toka mwanzo kwamba jenerali na kuruta wapate alama ya namna moja, na tajiri asiruhusiwe kumjengea mwanawe kaburi la fahari. Usipokwenda na jina mfukoni, utazunguka tu kwenye nyasi.

Ingia tovuti ya Tume, cwgc.org. Kutafuta ni bure. Chagua nchi Tanzania, kisha eneo "Dar es Salaam War Cemetery". Itakupa orodha nzima. Chagua majina manne au matano ya watu tofauti: mmoja wa Afrika Kusini, mmoja wa Nigeria au Gold Coast (ndiyo Ghana ya leo), mmoja wa India, mmoja wa British West Indies Regiment, yaani watu wa visiwa vya Karibiani, na mmoja wa King's African Rifles. Hao wa mwisho, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, ndio Keya waliotajwa na babu zetu. Kila jina lina anwani yake ya kaburi, kwa mfano "5. C. 12": kitalu cha 5, mstari C, kaburi la 12. Iandike kwenye karatasi au piga picha ya skrini, kwa sababu bando huwa linaisha pale pale unapolihitaji.

Kama unamtafuta ndugu, shika haya.

Majina yetu yaliandikwa na makarani waliosikia kwa masikio ya Kiingereza. Hamisi anaweza kuwa Hamis, Khamis au Amisi. Saidi anaweza kuwa Seidi. Andika herufi tatu za mwanzo tu, acha sehemu nyingine wazi, upitie orodha kwa macho. Askari Mwafrika mara nyingi ameandikwa jina moja au mawili, bila umri, bila kijiji, bila jina la mzazi. Mzungu aliyekufa siku hiyo hiyo utamkuta na jina la mama yake na mtaa aliozaliwa.

Kisha jiulize ndugu yako alikuwa nani jeshini. Alishika bunduki au alibeba mzigo? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuambia kama jina lake unaweza kulipata. Mzee wangu wa Magomeni alijua kwamba kaka wa babu yake alichukuliwa Uluguru na Waingereza "kubeba". Tulitafuta jioni nzima, kwa kila namna ya kuliandika lile jina, na kwa jina la kikosi pia, "Carrier Corps" na "Military Labour Corps". Hatukumpata. Nilimwambia twende hivyo hivyo.

Siku, saa na vitu vya kubeba

Nenda asubuhi, saa mbili au saa tatu. Sababu ya kwanza ni jua, kwani mahali ni wazi, na kuanzia Desemba mpaka Machi saa sita utakuwa unatafuta kivuli badala ya majina. Sababu ya pili ni kwamba mwanga wa asubuhi unakuja kwa ubavu na kuingia kwenye michongo ya herufi. Saa saba mchana maandishi yale yale yanapotea machoni. Miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, kipupwe. Masika, Machi hadi Mei, vaa viatu vinavyostahimili matope.

Novemba, karibu na tarehe 11, mabalozi na maofisa wa jeshi huja kuweka mashada. Kwa anayependa kuona gwaride na kusikia tarumbeta hiyo ni siku nzuri. Kwa anayetaka kusoma kwa utulivu, bora siku nyingine yoyote.

Beba maji ya kunywa, kofia, kalamu, na kitambaa laini kikavu. Kiingilio hakuna.

Kufika

Kutoka Posta, panda daladala yoyote inayopita Ali Hassan Mwinyi kwenda Makumbusho au Mwenge. Usiseme "makaburini", sema "Makaburi ya Vita", na uwe na alama kwenye ramani ya simu, maana makonda wapya hawapajui. Unaweza pia kupanda mwendokasi hadi Morocco, ukamalizia kwa bajaji au bodaboda. Barabara hii imekuwa na ujenzi wa njia ya mwendokasi na vituo vimekuwa vikihamahama, kwa hiyo muulize konda mapema, usisubiri mpaka uone geti likipita dirishani. Kuvuka barabara kwa miguu kunataka subira, hasa ukiwa na watoto.

Getini

Ukikuta mtunza bustani, msalimie kwanza. Shikamoo kama ni mtu mzima, habari za kazi kama ni rika lako. Mweleze umekuja kufanya nini. Hawa ndio wanaojua kila pembe, na ukimtajia namba ya kaburi atakuonyesha kwa kidole kabla hujafungua simu. Uliza pia kama kuna daftari la orodha na kitabu cha wageni. Katika makaburi ya Tume huwa vinawekwa kwenye kisanduku ukutani. Andika jina lako na ulikotoka. Ukifungua kurasa za nyuma utaona kwamba wageni wengi wametoka mbali kuliko wewe.

Picha za kumbukumbu hazina shida. Kama umekuja na kamera kubwa kurekodi kipindi au video ya muziki, omba ruhusa kwanza. Na droni usirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hiyo ni kwa nchi nzima.

Adabu nyingine unaijua tayari toka kwenu. Usikanyage kaburi, usikalie alama yake, punguza sauti. Mwislamu awape salamu watu wa makaburini, Mkristo asali sala yake; waliolala hapa ni wa dini zote hizo na nyingine pia.

Kusoma kaburi moja

Nenda kwenye jina la kwanza uliloandika. Chuchumaa, usisome ukiwa umesimama.

Utakuta namba ya askari, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufa, na pengine umri. Utaona nembo ya kikosi, na alama ya dini. Chini kabisa, kama familia iliamua, kuna maneno mafupi yao wenyewe. Soma hayo kwa makini. Tume iliziruhusu familia kuandika maneno yasiyozidi herufi 66, nafasi kati ya maneno ikihesabiwa, na kuzitaka zichangie peni tatu na nusu kwa kila herufi. Kuna mama aliyekaa mezani huko kwao akihesabu herufi kwa vidole, anafuta neno, anatafuta fupi zaidi. New Zealand yenyewe ilikataa kabisa maneno ya familia, ikiona si haki mwenye fedha aseme na asiye nazo anyamaze.

Tarehe ndiyo inayosema mengi. Linganisha makaburi kumi yaliyo jirani, halafu fungua kalenda ya vita kichwani. Januari 1917 ni wakati Waingereza walipovuka kwenda Rufiji, mvua zikawashika kwenye mabwawa. Oktoba 1917 ni mapigano ya Mahiwa, ndani ya Lindi, ambako Wanigeria wengi waliuawa. Mwisho wa 1918 ni homa kali ya mafua iliyozunguka dunia. Na wengi sana tarehe zao hazilingani na pigano lolote, kwa sababu katika vita hii ya Afrika Mashariki malaria na kuhara damu viliua kuliko risasi. Kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Johannesburg alikuja kupigana na Mjerumani, akauawa na mbu.

Ukikuta kaburi la 1919 au 1920, usidhani fundi alikosea. Tume inahesabu Vita ya Kwanza mpaka tarehe 31 Agosti 1921, kwa kuwa watu waliendelea kufa kwa majeraha na magonjwa waliyoyapata vitani.

Herufi zikiwa zimefifia, usizisugue kwa chaki wala mkaa. Nimemwona mwalimu mmoja akifanya hivyo mbele ya darasa zima na mtunza bustani akabaki ameshika kichwa. Chaki inaingia kwenye vitundu vya jiwe na haitoki. Weka tu mkono wako kama pazia upande mmoja ili kivuli kilale juu ya maandishi, au washa tochi ya simu uiweke ubavuni mwa jiwe, chini kabisa. Herufi zinajitokeza zenyewe. Vumbi futa kwa kile kitambaa.

Fanya hivi kwa makaburi yako manne au matano. Usifanye kwa ishirini. Baada ya la tano macho huacha kuona.

Kuta: hapa usiwe na haraka

Sasa tafuta kuta za ukumbusho zinazosimama juu ya makaburi ya pamoja. Watu wengi huzipita wakidhani ni mapambo.

Kule Ocean Road palikuwa na viwanja tofauti: Waafrika Wakristo, wasio Wakristo, na Waislamu. Makaburi ya Wazungu yalikuwa na alama, moja moja. Katika viwanja hivyo vitatu hayakuwekewa alama ya mtu mmoja mmoja. Basi ilipofika 1968 na kila mtu anatakiwa kuhamishwa, hakuna aliyeweza kusema huyu ni nani na yule ni nani. Wakazikwa upya kwa pamoja, na kila kaburi la pamoja likawekewa ukuta.

Ile kanuni ya jenerali na kuruta kulingana, niliyoitaja mwanzo, iliishia wapi? Simama mahali ambapo unaona mistari ya makaburi kwa jicho moja na ukuta kwa jicho la pili. Jibu liko hapo, huhitaji kitabu.

Tume yenyewe imekiri. Mwaka 2021 ilitoa ripoti iliyosema kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, hasa Wahindi, Waafrika wa Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Na wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo inaonyesha pia kwamba miaka ya mwanzo ya 1920 gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam yakiwemo, yaachwe yarudi pori upesi iwezekanavyo.

Wapagazi ndio hao "waliochukuliwa kubeba". Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwepo, reli ilikuwa na mipaka yake. Kila gunia la unga, kila sanduku la risasi lilipita kichwani mwa mtu. Na mpagazi naye anakula. Kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo anavyokula sehemu ya mzigo wake mwenyewe, kwa hiyo anahitajika mpagazi wa kumbebea mpagazi. Ndivyo vijana wa kijiji kizima walivyokuwa wakiondoka kwa siku moja. Walichukuliwa mamia ya maelfu, wakala unga usioiva vizuri, wakalala kwenye mvua.

Mzee wangu alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, mikono nyuma. Akauliza, "Hawa ni askari au wabebaji?" Nikamjibu ni watu wa jeshi. Akatikisa kichwa. "Basi wangu hayupo hapa."

Mnara wa majina, Wajerumani, na wale 41

Ndani ya eneo hili kuna mnara mwingine uliohamishwa kutoka mahali pengine mjini: Ukumbusho wa Waingereza na Wahindi. Una majina ya maofisa na askari zaidi ya 1,500 waliokufa Afrika Mashariki kuanzia Januari 1917 na ambao makaburi yao hayajulikani. Waliokufa kabla ya hapo wako kwenye mnara wa namna hiyo Nairobi, kwa hiyo kama jina unalotafuta ni la 1915 au 1916 na hulioni, elekeza macho Kenya. Angalia jinsi jeshi lilivyojua kutunza orodha lilipotaka: mtu alipotea mtoni Rufiji, mwili haukuonekana, lakini jina lake limechongwa.

Makaburi ya Wajerumani yapo humu humu, na ni vizuri uyapitie. Waliopigana miaka minne wamelala umbali wa kutupa jiwe. Wale 41 wa Vita ya Pili ni wachache kwa sababu Tanganyika haikuwa uwanja wa mapigano safari ile. Vijana wetu wa Keya walipelekwa mbali, Madagaska na Burma. Aliyefia Burma tafuta Taukkyan, Myanmar.

Mashujaa wa JWTZ hawako hapa, nimeshaulizwa mara nyingi. Wa vita ya Kagera ya 1978 na 1979 wana makaburi yao Kaboya, Muleba, na waliokufa wakati wa kuisaidia Msumbiji kujikomboa wako Naliendele, Mtwara.

Hatua ya mwisho: rudi mjini

Usiende nyumbani. Panda gari la Posta, shuka, tembea hadi Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora.

Mahali pale Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani, na chini ya miguu yake askari Mwafrika akimtazama juu. Waingereza walimng'oa, wakampeleka kwao, akaishia Hamburg, ambako wanafunzi walimwangusha miaka ya 1960. Askari tunayemwona leo alizinduliwa mwaka 1927. Ni wa shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Tazama magari kabla hujavuka; madereva wa pale hawana muda na watalii.

Zunguka jukwaa lake usome. Maandishi ni ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, na kuna ya Kiswahili. Yanawataja askari Waafrika waliopigana, kisha yanawataja wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Huyo Kipling mwanawe John alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na baba akafa bila kujua alikozikwa. Alikijua alichokuwa anakiandika kuhusu majina.

Nilimsomea mzee wangu maneno yale kwa sauti, honi zikipiga. Nilipofika kwenye wapagazi alinishika mkono. Kisha akaanza kuzunguka jukwaa, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akirudi alipoanzia.

"Majina yako upande gani?"

Hayapo. Kwenye vitabu vya Tume sanamu hii ndiyo kumbukumbu rasmi ya Waafrika kwa Dar es Salaam, na haina hata jina moja.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu hadi Kariakoo, au bajaji. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko, vita ikaja kabla halijafanya kazi, na Waingereza walipouchukua mji wakalifanya eneo lile kambi ya wapagazi, Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka wanavyotamka, likabaki.

Hapa hakuna kibao cha kusoma wala ua la kuweka. Ingia tu sokoni. Saa hiyo utakuta wabeba mizigo wanashusha magunia kwenye malori, kitambaa begani, wanapiga kelele "Pisha, pisha!" Sisi tulipishwa pembeni na mmoja mwenye gunia la vitunguu kichwani. Mzee alimfuata kwa macho mpaka alipopotea kati ya vibanda, halafu akaniuliza kama nina njaa. Tulikula ndizi na nyama kwa mama ntilie, akalipa yeye, akakataa kabisa nisaidie hata chai. Magari ya Magomeni yanapatikana hapo hapo; jioni panda kabla ya saa kumi na moja, baada ya hapo ni kugombania dirisha.